Huyo Mhusika Wako Anamhitaji Nani?

Kila nikitangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba kampeni mpya, yaani hadithi ndefu mpya ya mchezo wetu wa mezani, inaanza, kabla hata sijasema tutacheza kwa nani, meseji zinaanza kumiminika kwa inbox, zote zinaniita DM, yaani mwendesha mchezo. DM, naweza kuwa mtu wa joka? DM, je nikiwa vampaya lakini vampaya mzuri? DM, unajua wale wenye mabawa, nimewaona YouTube, wako moto sana. Mwingine anatuma paragrafu tatu za historia ya mhusika wake, wazazi waliuawa, kijiji kilichomwa, haamini mtu, hacheki, anatembea usiku peke yake. Na mi niko kwa matatu Jogoo Road, simu iko asilimia nane, sijui nianze kumjibu nani.

Kwa wenye hawajui hii kitu, Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, na siku hizi kuna michezo mingi ya aina hiyo. Mtu mmoja anaendesha hadithi, huyo ndo DM, wengine kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, ana nguvu hizi na udhaifu huu, na kukiwa na jambo halijulikani litaenda vipi mnarusha dadu, ile yenye pande 20. Hakuna mshindi. Mnaongea tu kwa masaa, mnacheka, saa zingine mnagombana kuhusu mlango ambao haupo.

Sasa watu wengi hudhani kazi ya DM kwenye kupitisha wahusika ni kuzuia wenye nguvu kupita kiasi. Mi sioni hivo kabisa. Mhusika akiwa na nguvu sana nitaongeza maadui, hiyo ni kazi ya dakika tano. Swali langu kwa kila mtu anayeniletea karatasi ni moja tu, huyo mtu wako anamhitaji nani hapa mezani? Akikosa jibu, huyo simpitishi, hata kama kila namba iko sawa kulingana na kitabu.

Na kabla mtu hajaniambia DM hafai kukataza kitu, huu ubishi una umri sawa na mchezo wenyewe. Sheria za 1974 zilikuwa zinasema mchezaji anaweza kuwa karibu chochote kile, mradi aanze akiwa dhaifu apande pole pole, na mfano uliotolewa pale ulikuwa joka, kwamba ukitaka kuwa joka basi anza ukiwa joka mdogo. Ukifika 1979, kwenye kitabu cha waendeshaji, Gygax huyo huyo anaandika akiwakatisha tamaa wanaotaka kucheza majitu na mazimwi, anaona wengi wao wanatafuta tu njia ya mkato ya kuwashinda wenzao. Halafu toleo la pili la 1989 likamtoa muuaji wa kukodiwa na nusu-oki, yaani nusu mtu nusu zimwi, kwenye kitabu cha wachezaji. Kwa hiyo hata wenye mchezo walikuwa wanafungua mlango na kuufunga.

Kampeni yetu ya saa hii iko kwenye mji wa pwani wa kubuni, nyumba za mawe ya matumbawe, bandari, msitu nyuma yake wenye magofu ambayo nilipoyaandika nilikuwa nawaza Gede, ule mji wa kale karibu na Malindi. Nikasema mwaka ni kabla ya 1498, yaani kabla Vasco da Gama hajaonekana upande huu, kwa hiyo bunduki sahau. Hiyo sentensi moja ilinipunguzia nusu ya maombi. Maana saa zingine huna haja ya kumkataza mtu, unamwambia tu mahali tulipo, yeye mwenyewe anaona farasi wake wa chuma hana pa kupita.

Lakini pia mahali panaweza kukupa ndiyo ambayo hukuitarajia. Kuna jamaa wetu mmoja, fundi simu mjini, huyu kila kampeni anataka ninja. Kila kampeni! Nikamwambia ninja hapana, hapa ni pwani ya Waswahili, lakini kaa nikueleze kitu. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa China, na meli za Zheng He, amiri wake, zilikuwa zinafika mpaka huku. Sasa fikiria baharia Mchina aliyeachwa na meli yake akiwa mgonjwa, anajua kusoma nyota, anajua kupigana kwa mikono mitupu, lakini lugha ya mji ndo anajifunza. Alinyamaza kidogo akaniuliza, kwa hiyo nani atanitafsiria? Hapo nikajua imeingia. Hakuwa na ninja tena, alikuwa na mtu anayehitaji mwenzake hata kununua samaki. Malenga wa kundi akajitolea kuwa mkalimani, na malenga wetu anatafsiri uongo mtupu, hiyo imetuchekesha kuliko pigano lolote.

Suala la vitabu wacha nilipitie haraka. Kitabu kimoja halisi cha huu mchezo, ukikiagiza nje na kulipia usafiri na ushuru, ni pesa ya mtu kulipa keja ya bedsitter sehemu fulani za hii Nairobi. Kwa bahati, Januari 2023 wenye mchezo waliweka sheria za msingi kwa leseni ya Creative Commons, PDF ya bure kabisa, klasi zote 12, yaani aina za wahusika, zimo. Sheria yangu ni hiyo PDF kwanza. Ukitaka kitu cha nje ya hapo nitakisoma, lakini sitaki meza ambayo mwenye kadi ya benki ndo mwenye mhusika mkali na yule anayeprinti karatasi kwa saiba ni msindikizaji.

Sasa wenye mabawa. Hawa aarakocra, watu-ndege, kwenye sheria za 2015 wanaruka futi 50 kwa zamu moja kuanzia levo ya kwanza, wakati binadamu wa kawaida anatembea futi 30. Mtu atakwambia si ni mwendo tu. Hapana bana. Levo za mwanzo, nusu ya vitu DM anavyoweka mbele ya watu ni vya ardhini: shimo, ukuta, mto umefurika, daraja limekatika, mlinzi amekaa juu ya ngome. Kila kimoja ni nafasi ya mtu fulani kung'aa, mwizi apande ukuta, mwenye nguvu ashike kamba, mchawi afikirie. Mwenye mabawa anafika anasema naruka juu naangalia, nashuka nawaambia. Imeisha. Wengine wanne wamekaa wanakula njugu. Na si kwa sababu ana nguvu sana, ukimpiga mshale mmoja anaanguka, ni mifupa ya ndege tu. Shida yake ni kwamba hahitaji kamba ya mtu.

Ukilinganisha na mchawi, yeye akifika levo ya tano anaweza kujifunza kurusha mtu hewani. Hiyo sina shida nayo hata kidogo. Inamgharimu, anatakiwa akaze akili muda wote, inadumu dakika kumi tu, na lazima waamue nani arushwe. Hapo kuna mjadala, kuna kuaminiana, kuna yule anayerushwa akiwaza mchawi akipigwa kofi huko chini mimi huku juu itakuwaje. Kuruka ni kule kule, lakini hapa kumemgusa kila mtu.

Yule aliyenikalisha chini kweli kweli ni mse wa kutoka Ahero, aliyekuja na Luanda Magere. Hakuzunguka, alisema hivi: nataka Luanda Magere. Kama hukulelewa na hadithi za Wajaluo, huyu ni yule shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya Lang'o, majirani waliokuwa maadui wao, inamgonga inakatika, mpaka walipompa mke, na mke akiwa anamchanja dawa akagundua kwamba siri iko kwenye kivuli. Wakachoma kivuli kwa mkuki, shujaa akafa akageuka jiwe, na wanasema jiwe lenyewe liko mpaka leo kule karibu na mto Nyando.

Wengine mezani wakaanza, ah DM, huyo si ameshashinda mchezo tayari, mtu hachomeki! Na kwa kweli ukimsoma kijuujuu ndo mhusika wa kwanza ungekataa. Mi nikaona tofauti. Ile hadithi yenyewe imeshamwekea udhaifu, na udhaifu wenyewe hauko kwa mwili wake, uko kwa mwanga. Tukampa klasi ya babari (barbarian), mpiganaji ambaye akipandwa na hasira mapigo ya silaha za kawaida yanampata nusu tu, kwa hiyo jiwe tumelipata bila kubuni sheria mpya. Halafu tukaongeza moja: ukiona kivuli chake na ukikipiga, unampata kama mtu wa kawaida, na dadu za maumivu zinarushwa mara mbili.

Wacha nikwambie kilichotokea ndani ya yale magofu. Giza, mwenye taa ya mafuta ni malenga. Maadui wako mbele. Kabla hata hatujarusha dadu nani anaanza, mse wa Ahero akainua mkono, "Taa iko wapi?" Malenga akasema iko mkononi mwangu, niko nyuma yako. Kimya. Taa ikiwa nyuma, kivuli kinaanguka mbele, kinatandikwa miguuni mwa maadui kama mkeka. "Maze, njoo mbele!" Malenga anasema siji mbele, mi nina uhai tisa tu! Baharia Mchina anaonyesha kwa vidole kitu ambacho hakuna anayekielewa, kumbe anasema wazime taa kabisa. Mchawi naye anawaka, ukizima taa mimi nampiga nani? Tukachora chumba kwenye karatasi ya daftari, tukaweka vifuniko vya soda kama watu, tukapiga mistari ya mwanga kwa penseli, na pigano lililokuwa la dakika kumi likachukua saa nzima na hakuna aliyeangalia simu. Huyo ndo mtu mwenye mwili wa jiwe, na kila sekunde anahitaji kujua mwenye taa amesimama wapi. Mke wa hadithi pia tuko naye, wanajua yuko mahali, sijawaambia ni nani.

Sasa rudi kwa yule wa paragrafu tatu, asiyecheka. Huyu namba zake haziwi na kosa lolote, na kwa sababu hiyo watu hushangaa nikimrudisha. Lakini piga hesabu na mimi. Tunaanza saa nane, ikifika saa kumi na mbili watu wa Rongai wameanza kuulizana nauli imepanda ngapi na mvua inakuja. Hiyo ni masaa manne, dakika 240. Toa nusu saa ya chai na chapo, inabaki 210. Mimi naongea karibu theluthi, 70 zimeenda. Zilizobaki ni 140 kwa watu watano, yaani dakika 28 kila mtu, wiki mbili nzima amengoja dakika 28. Halafu asiyeamini mtu anasema mi siingii nao kwa hoteli, nazunguka nyuma peke yangu kwa paa. Na huko kwa paa lazima nimpe kitu, siwezi kusema hakuna kitu, basi tunaenda naye dakika 20 na wengine wanamwangalia. Ametumia zake na amekula za mwenzake, na hata hajui, anadhani anaigiza vizuri sana.

Simwambii abadilishe historia. Wazazi wafe, kijiji kichomwe, sawa tu. Namwuliza: ni nani kati ya hawa wanne alikutoa kwa huo moto? Mara nyingi hilo swali linatosha. Mmoja alijibu ni kasisi ndo alinitoa, na sitaki kumwona kwa sababu alimwacha dada yangu. Eh! Kasisi mwenyewe hakuwa na habari, akakubali palepale. Sasa hao wawili hawasalimiani na hawaachani, na mtu bado hacheki, lakini haendi kwa paa.

Wahusika wabaya, hapa najua wengi watanipinga. Sikatazi mtu mbaya. Nakataza mtu mbaya kwa wenzake. Mwizi aibe mji mzima, lakini akiingiza mkono kwa mkoba wa aliyekaa naye kiti kimoja, huo si uigizaji, ni wewe unachukua kitu cha rafiki yako ukijua hatakupiga kwa sababu ni mchezo. Na ile sentensi ya "si ndivyo mhusika wangu angefanya" kwangu haina kazi, maana huyo mhusika hakuzaliwa, ulimwandika Alhamisi kwa simu, mwandike tena.

Mbaya aliyepita bila kelele ni askari wa mji mla rushwa. Dada mmoja mwalimu alimleta, huyo mwanamke ni mpole mpaka unaogopa, halafu akaja na askari wa bandari anayedai "ya chai" kwa kila jahazi, ana kitabu cha risiti bandia, ana njaa ya saa zote, jina la kila mchuuzi analijua. Watu walidhani nitamkataa. Kwani nimkatae kwa nini? Huyo mtu ni mwoga, hawezi kupigana, anaishi kwa watu. Akiwa peke yake hana kazi. Na kundi linamhitaji, maana bila yeye hawatoki getini. Ni mbovu na ni gundi ya kundi zima, na mwalimu anamcheza kwa sauti ambayo sote tumeshaisikia barabarani tukiwa tumesimamishwa.

Kuna vitu viwili ambavyo sipimi kwa lile swali, navikataa moja kwa moja.

La kwanza ni mhusika wa kuigiza kabila. Kuna mtu aliwahi kuleta mfanyabiashara mfupi wa kimo anayeishi chini ya ardhi, anapenda pesa, na angeongea kwa lafudhi fulani muda wote, nyote mnajua ni ya watu gani. Najua wachekeshaji wa TV wanafanya hivo kila wikendi na tunacheka, mi pia nacheka. Lakini kuchekesha ni dakika tano, hapa ni masaa manne, sesheni baada ya sesheni, na mezani kuna mwenzetu ambaye familia yao ilitoka Bonde la Ufa mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na vitu walivyobeba mkononi. Hakusema chochote, na sikutaka afike mahali pa kulazimika kusema. Mfanyabiashara alipita, anapenda pesa kama kawaida, lafudhi ilibaki nyumbani.

La pili ni dini za ukweli. Kwenye mji wetu misikiti ipo, adhana inasikika, hiyo ni mandhari. Lakini kasisi wa mezani, yule anayefufua watu na kuponya vidonda, nguvu zake anazitoa kwa bahari, mungu wa kubuni kabisa. Kwetu mezani kuna Waislamu, kuna mtoto wa pasta, na kuna mama mwenye nyumba tunakochezea ambaye anakumbuka vizuri ile tume ya kuchunguza ibada za shetani ambayo Moi aliunda 1994. Huyo mama alishapita sebuleni akasikia mtu anasema "naita pepo wa moto", akasimama na trei ya chai mkononi. Tukamweleza, akaona zile dadu, akauliza kama ni za kamari. Tukamwambia hapana mum, ni hesabu tu. Akatuachia chai, lakini tangu siku hiyo anayetaka klasi ya kufanya mkataba na pepo namwambia mkataba wako ni na jini la kisima, na ukimwita umwite polepole.

Ninachobishana nacho kichwani saa hii ni ombi la binamu yangu, anajiunga akimaliza mitihani. Anataka mhusika asiyeongea kabisa, bubu, anayeandika kwa mkaa ukutani. Kwa lile swali langu anapita na maksi zote, anamhitaji kila mtu. Lakini tena mchezo wenyewe ni wa kuongea, na binamu yangu ni mtu ambaye hata nyumbani humsikii, kwa hiyo sijui kama ameleta mhusika au amejitafutia pa kujificha. Baharia Mchina naye alianza na maneno machache, tofauti ni kwamba yule fundi simu hanyamazi hata akilala. Nimemwambia aje kwanza akae sesheni moja bila karatasi, ashike taa ya malenga, awe mtoto wa bandari aliyetumwa. Jumamosi hiyo nimeshapanga waingie kwa kisima, na anayesimama na taa mdomoni mwa kisima ndo ataamua kivuli cha Luanda kinaangukia wapi. Sharti ni kwamba hatajua hilo mpaka mse wa Ahero amwulize taa iko wapi, na jibu hawezi kuliandika ukutani, maana huko chini hawaoni.